Waliokataa na Walionyimwa

Kuna filamu ambazo Tunduma nzima inazijua ilhali nusu ya mji haijawahi kuzitia machoni. Commando ya mwaka 1985 ni mojawapo. Wanaume waliokulia mitaa ya mpakani katika miaka ya 1990 watakusimulia namna binti wa Arnold Schwarzenegger alivyotekwa na namna baba mtu alivyomfuata, wala hawatasahau bunduki hata moja. Dada zao nao wanaijua, ila wao huanza na mlio. Watakueleza milipuko, vifijo vya vijana, na sauti ya mwenye kibanda akitishia kuzima deki kama watu hawatatulia. Picha hawana. Waliipokea Commando kupitia ukuta wa mabati, wakiwa uani wanachambua mchele au wanasugua masufuria, na maadui wa Schwarzenegger wana sura walizowatungia wenyewe.

Ukimuuliza mtu wa hapa kwa nini hajaangalia picha inayojulikana na kila mtu, jibu huwa fupi: "Sijawahi tu." Nimelisikia Vwawa, Mlowo, Itumba na kwenye foleni ya malori mpakani, na kadiri nilivyozidi kuuliza ndivyo nilivyoona kwamba limeficha mambo mawili yasiyo na undugu. Wapo waliokataa na wapo walionyimwa. Aliyekataa alikuwa na nafasi akaiacha kwa sababu zake. Aliyenyimwa hakupewa hata nafasi ya kukataa. Kwa kuwa wote wawili hawajaiona picha, tunazoea kuwaweka katika fungu moja la watu wasiojali sinema. Tunakosea sana. Kutoangalia kwa mmoja ni uamuzi, na kwa mwingine ni dhuluma.

Tuanze na walionyimwa, na tuanze na majengo. Tunduma haikuwa mji wa majumba ya sinema. Zanzibar ilikuwa na Royal tangu 1921. Dar es Salaam ilikuja kuwa na Empire, Avalon na Empress, na kuanzia 1966 ikawa na uwanja wa kuangalia sinema ukiwa ndani ya gari lako. Tanga, Moshi, Arusha, Mwanza na Tabora nazo zilikuwa na kumbi zao. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameonyesha jinsi kwenda sinema katika miji hiyo kulivyokuwa shughuli ya familia nzima: baba, mama, watoto na majirani, nguo za kutokea, tiketi zikigombewa mlangoni. Zanzibar yalikuwepo hata maonyesho ya wanawake peke yao. Ndiyo maana Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, ni mali ya bibi na babu kwa pamoja huko pwani. Bibi aliililia akiwa amekaa kwenye kiti alichokilipia, katikati ya mashoga zake, na hakuna aliyemuuliza anatafuta nini pale.

Huku kwetu sinema ilifika kwa njia nyingine. Ilifuatana na wanaume wa barabarani. Tunduma imekuzwa na barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Wachina, Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, wakati Zambia, ambayo mtu wa Tunduma anaingia kwa kuvuka mtaa, ilikuwa nayo tangu 1961. Kabla ya kila nyumba ya kati kupata televisheni yake, picha zilifika kwa mkanda wa video na kuonyeshwa katika chumba kimoja chenye deki, mabenchi ya mbao, jenereta nyuma ya nyumba, pazia zito mlangoni, na ubao wa nje ulioandikwa kwa chaki majina ya picha za siku hiyo. Watu wakakiita kibanda umiza. Wateja wake walikuwa madereva waliosubiri karatasi za forodha, utingo wao, wabeba mizigo, wabadilisha fedha, na wavulana waliotoroka shule.

Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanamke haruhusiwi. Hapakuwa na haja ya kuandika. Chumba cheusi, kimejaa wanaume ambao wengi wao si wa mji huu na kesho hawatakuwepo. Binti akionekana anainua lile pazia saa moja jioni, asubuhi jina lake liko bombani. Mama yake angeulizwa kanisani. Mchumba angeambiwa na watu wema. Hasara hiyo hakuna filamu inayoweza kuilipa, na mabinti wa Tunduma walikuwa na akili ya kuihesabu. Waliokaribia zaidi ni akina mama wauza karanga na mayai ya kuchemsha, waliokaa nje ya mlango na ndoo zao. Kila mteja alipotoka, pazia liliinuka, na kipande cha picha kikawafikia: mtu anaanguka, farasi anakimbia, mwanamke wa Kihindi anacheza kwenye mvua. Kisha pazia linarudi. Ukikusanya vipande hivyo vya miaka yote huenda ukapata saa nyingi za sinema, lakini hadithi hupati hata moja. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulipunguzia uzito. Tunapoandika historia ya burudani ya miji ya mipakani huandika kana kwamba kibanda umiza kilikuwa cha watu wote. Kilikuwa cha nusu ya watu.

Halafu wakaja watafsiri, na hapo jambo moja likabadilika bila mtu kulikusudia. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu, alichukua picha za nje akaziwekea sauti yake ya Kiswahili juu ya sauti zao: akasema maneno ya kila mhusika, akaeleza yasiyoeleweka, akaongeza maonyo na utani wake mwenyewe. Alizifanyia hivyo hata picha za Nigeria, Karishika ikiwa mojawapo. Uganda wana VJ Jingo na wenzake kwa Kiganda, Kenya wana DJ Afro. Kazi hii ilikusudiwa kumsaidia aliye ndani ya kibanda asiyejua Kiingereza. Ila sauti haijui pazia. Picha iliyotafsiriwa ilikuwa inasimuliwa yote, mwanzo hadi mwisho, kwa lugha ya mtaani na kwa spika kubwa, na aliyekuwa uani upande wa pili wa mabati sasa aliambulia zaidi ya milipuko. Alijua nani kamsaliti nani, na kwa nini. Nimezungumza na wanawake ambao wanaweza kukusimulia picha za miaka ile kwa mpangilio mzuri kuliko waume zao waliokuwa ndani, kwa sababu waume walikuwa wanatazama mapigano na wao walikuwa wanasikiliza maneno. Wanasimulia kama redio ilivyowafundisha kusikiliza michezo ya kuigiza. Wanastahili kuhesabiwa kuwa watazamaji, hata kama macho yao hayakushiriki.

Lakini nikiulizwa ni jumba gani la sinema limewahudumia wanawake wa Songwe, mkoa wetu, kuliko lingine lolote, nitajibu kwamba ni basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na katika safari hiyo kondakta ndiye mwenye jumba. Anachomeka flashi, na wote waliomo, bibi anayerudi kutoka kumuuguza mjukuu, mchungaji, mwanafunzi wa chuo, mfanyabiashara wa viatu vya mitumba, mtoto wa miaka minne, wanaangalia kitu kimoja. Hapa mwanamke ameketi kwa haki, tiketi iko mkobani, na hakuna wa kumnyooshea kidole. Steven Kanumba aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012 ana mashabiki katika vijiji vya Mbozi ambao wamemjua kwa njia hii. Walimwona akilia kwenye picha iliyoanza Mikumi.

Na hawakumwona akifutwa machozi, kwa sababu picha ya basi ina adabu zake. Inakatika gari linapopanda Kitonga na watu wote wanageukia dirishani. Inakatika tena abiria wakishuka kula. Makambako anaingia mhubiri au muuza dawa ya meno na kusimama mbele ya skrini. Picha ya pili inaanzishwa Mbeya, na inapofika patamu gari limeshafika Mlowo na nusu ya abiria wanashusha mizigo. Kuna watu wengi mkoani kwetu wenye akiba kubwa ya picha zisizo na mwisho. Wamezikamilisha wenyewe nyumbani, kwa kubishana, na mara nyingine miisho waliyoitunga ina haki zaidi kuliko ile ya mtunzi.

Basi hilo hilo, lakini, ndilo linalomwonea yule mwingine, aliyekataa. Mzee wa kanisa ambaye kwa hiari yake hajakanyaga kibanda maisha yake yote anajikuta amefungiwa na picha ambayo asingeichagua, spika iko juu ya kichwa chake, na mjukuu yuko magotini. Nimewaona akina mama wakimfunika mtoto uso kwa kitenge wapenzi wakikaribiana kwenye skrini, na wazee wakitazama mashamba ya Igurusi kwa bidii ambayo mashamba yenyewe hayaihitaji. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976, inataka picha ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, na siku hizi Bodi ya Filamu inazipa picha madaraja ya umri. Daraja la umri linahitaji mlango na mtu wa kusimama mlangoni. Ndani ya basi, kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mtoto anatoka kwenda wapi? Wenye mabasi wangeweza kulimaliza jambo hili kesho kwa kuchagua picha zinazofaa watu wote, na siyo ombi kubwa.

Sasa tuwasikilize waliokataa kwa hiari, maana wanasemwa vibaya. Wanaitwa washamba, watu wa zamani. Songwe ina Ukristo wenye mizizi mirefu. Wamoravian walikuwa wamefika Mbozi kabla karne ya 19 haijaisha, na baada yao yamekuja makanisa mengi ya kilokole. Katika nyumba nyingi za walokole picha za dunia hazikuingia, na watoto walikua bila Rambo wala Bruce Lee. Ukimuuliza mtu mzima wa nyumba hiyo kama ameshawahi kuangalia filamu atakuambia hapana, na atakuwa anasema kweli yake. Endelea kuongea naye. Baada ya muda utagundua kwamba usiku mmoja, kwenye uwanja wa shule, alikaa chini na kijiji kizima mbele ya shuka jeupe, jenereta likinguruma, akaangalia saa mbili nzima bila kupepesa. Ilikuwa Filamu ya Yesu, ile iliyotengenezwa mwaka 1979 kwa kufuata Injili ya Luka, Brian Deacon akiwa Yesu, na ambayo imeingizwa sauti za lugha zaidi ya 1,000, Kiswahili kikiwamo. Huenda hakuna picha iliyoonwa na watu wengi zaidi katika vijiji vya nchi hii. Na yeye haihesabu. Kwake ile haikuwa filamu. Aliona mateso ya Bwana, na wapo waliopiga mayowe askari walipoinua nyundo.

Nalitaja hili kwa sababu linavunja dhana kwamba wanaokataa sinema hawajui nguvu yake. Wanaijua kupita sisi tunaoangalia picha tatu kwa usiku mmoja huku tukichezea simu. Mtu ambaye picha moja ilimtoa machozi hadharani, ikabadilisha mwenendo wake, ana kila sababu ya kuwa mwangalifu na picha ya pili. Anapokataa Rambo anaipa sinema heshima kubwa.

Kuna kukataa kwingine ambako ni kwa huku kwetu hasa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 picha za kutisha ziliingia kwa nguvu, za Nigeria kwanza kisha za kwetu. Mussa Banzi akatengeneza Nsyuka, jina lililotoka katika simulizi za Wanyakyusa, majirani zetu, na mwaka 2005 ikafuata Shumileta ya jini mwanamke. Dar es Salaam ziliuzika sana. Watu walizinunua ili waogope pamoja sebuleni, taa zimezimwa, kisha wacheke. Lakini katika miaka hiyo hiyo mkoa wa Mbeya, ambao hadi 2016 ulikuwa bado na Mbozi na Tunduma ndani yake, ulipita katika hofu isiyo ya kuigiza. Watu waliuawa na kuchunwa ngozi kwa imani za kishirikina. Wazazi walifunga milango mapema. Kijana aliyechelewa kurudi kutoka shambani alitafutwa na mtaa mzima kwa tochi. Halafu mtu anakuletea mkanda ambao ndani yake mganga anaagiza kiungo cha binadamu, damu ya rangi inamwagika, na anakuambia utafurahi.

Watu wa rika la kati pale Mlowo na Ihanda wanaoziepuka picha za uchawi mpaka leo huambiwa na watoto wao kwamba hawajaenda na wakati. Watoto hao hawakuwepo. Mzazi anajua kwamba kilio cha mwigizaji kinafanana mno na kilio alichokisikia msibani, na hataki kifundishwe kuwa burudani ndani ya nyumba yake. Mimi namwelewa kabisa. Wala simwoni kuwa na tofauti na wapenzi wa filamu wa Ulaya ambao hawaangalii picha za vita walivyopigana wazazi wao. Wao tunawaita watu wenye kumbukumbu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Titanic. Picha ya James Cameron ilitoka Desemba 1997, ikaja kuwa ya kwanza duniani kuingiza zaidi ya dola bilioni moja, ikachukua Oscar 11. Tanzania iliipokea kwa namna zote: kanda, mabango, fulana za Jack na Rose, vinyozi na baa zilizoitwa Titanic, hata kitabu cha katuni cha Kiswahili kilichochorwa na Joshua Amandus Mtani, ambacho kiliwafikishia kisa hicho wasiokuwa na deki. Kwa mtu wa Tunduma, mji wa nyanda za juu ambao hauna hata bandari, meli inayozama ilikuwa ajabu ya mbali. Lakini Tunduma ni mji wa wageni. Wapo watu wa Kagera na Mwanza waliofuata biashara ya mpakani, na wao walikuwa wameshaiona meli yao ikizama. MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, miezi 19 tu kabla ya Titanic kutoka. Mamia ya watu walikufa, wengi wakiwa wamekwama ndani ya chuma, na familia zilisimama ufukweni zikisubiri miili.

Baadhi ya watu hao hawajaiangalia Titanic na hawataiangalia. Ukiwa kwenye duka la mmoja wao, redio ikipiga wimbo wa Céline Dion, mkono unaenda kwenye kitufe kabla hujamaliza sentensi yako. Hawaielezi, na mimi nimejifunza kutowauliza mara ya pili. Baadaye tukapata MV Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011, MV Skagit mwaka 2012 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, na kila mara idadi ya wasioweza kuiangalia picha ile ikaongezeka, Unguja, Pemba na Ukara. Kwa miaka mingi Titanic imetangazwa kuwa picha ya mapenzi. Sehemu kubwa ya nchi yetu inajua kwamba ni picha ya watu wanaokufa maji wakiwa wanaita majina.

Nimeeleza kukataa na nimeeleza kunyimwa. Ipo picha moja ambayo mambo hayo mawili yalikutana ndani yake, na ndiyo iliyonifanya niiandike sura hii. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengenezaji filamu kutoka Austria, alitoa Darwin's Nightmare aliyoipigia Mwanza. Inaonyesha sangara wakikatwa minofu na kupakiwa kwenye ndege za mizigo kwenda Ulaya, huku watu wa ziwani wakibaki na vichwa na mifupa. Inadokeza pia kwamba ndege hizo huja na silaha. Ilishinda tuzo Ulaya, na mwanzoni mwa 2006 ilikuwa miongoni mwa filamu zilizowania Oscar. Huku nyumbani tuliijua kwa jina jingine, filamu ya mapanki, yaani vichwa na mifupa hiyo ya samaki. Tarehe 31 Julai 2006, akihutubia Mwanza, Rais Jakaya Kikwete aliilaani kwa ukali kwamba imeipaka nchi matope, na katika wiki zilizofuata watu waliandamana Mwanza kuipinga.

Nchi nzima ikawa inaongea juu ya picha ambayo haikuwa imeiona. Kwenye vijiwe vya kahawa vya Tunduma watu walibishana kuhusu mapanki kwa siku nyingi: kuna walioapa kwamba ni chakula kizuri na wamekila, kuna walioona aibu. Hoja za Sauper kuhusu silaha zilizua ubishi mkali hata Ufaransa, na mtu makini alikuwa na mengi ya kuzikosoa. Ila ili uzikosoe ilibidi uzione, na kwa wananchi wengi filamu yenyewe ilifika kwa kusimuliwa tu, imeshatolewa hukumu. Wavuvi na wakaanga samaki waliomo ndani yake, watu wanaozungumza Kiswahili chetu, walitazamwa Paris na Vienna na kujadiliwa na wasiojua Mwanza iko upande gani wa ziwa. Jirani zao wa Mwanza waliombwa wawakatae bila kuwatazama usoni. Yule mlokole wa Mbozi anayekataa Rambo anajua anachokikataa. Waandamanaji wa 2006 walinyimwa picha, kisha wakapewa kukataa kwake kana kwamba ni kwao wenyewe.

Na siyo picha hiyo peke yake. Hatari! ya John Wayne ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha, ikatoka 1962 na jina la Kiswahili kwenye mabango ya dunia nzima. The African Queen ya 1951 inatokana na vita vya majini vya Ziwa Tanganyika, na meli iliyohusika na vita hivyo, Liemba, iliyokuwa Graf von Götzen ya Wajerumani, kwa miongo mingi ilipakia watu na dagaa hadi Kasanga, mwendo wa saa chache kutoka Tunduma. White Shadow ya mwaka 2013, kuhusu kijana mwenye ualbino wa Tanzania, ilipewa tuzo Venice. Uliza watu kumi stendi ya Mpemba kama wameiona hata moja kati ya hizo. Kenya walifika mbali zaidi: mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ya kwanza ya nchi hiyo kuchaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, ikiwa imepigwa marufuku nyumbani. Mahakama iliporuhusu ionyeshwe kwa siku 7 mwezi Septemba, kumbi za Nairobi zilijaa, na miongoni mwa waliofika walikuwemo watu wasiokubaliana nayo ambao walitaka kujua wasichokubaliana nacho ni kitu gani.

Simu imeondoa pazia la kibanda. Binti wa Tunduma leo anaangalia tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa, dukani, sikio moja lina spika na jingine linamsikiliza mteja, na hakuna wa kumsema. Vibanda vilivyobaki vinaishi kwa mpira wa Ulaya na wa Simba na Yanga. Lakini simu inakupa kile ambacho tayari unajua kukitafuta, na hakuna mtu anayetafuta picha ambayo hajaambiwa kwamba inamhusu. Kwa hiyo zile filamu zilizotengenezwa juu yetu zimebaki mbali kama zilivyokuwa, ingawa baadhi ziko umbali wa vifurushi vichache vya intaneti.

Wahubiri walishatuonyesha kwamba kinachohitajika ni shuka, jenereta na uwanja wa shule. Halmashauri zina viwanja, na Bodi ya Filamu ina mamlaka ya kupitisha picha na kuzipangia umri. Ningeomba waanze na Darwin's Nightmare, na maneno yake ya kigeni yasimuliwe kwa Kiswahili, maana kazi hiyo wapo wanaoijua vizuri katika nchi hii. Ioneshwe Mwanza kwanza, kwa haki ya wenyewe, kisha iletwe Vwawa na Tunduma, jioni mapema ili mama arudi nyumbani kabla ya giza kuzidi, na viti vya mbele waachiwe wanawake. Baada ya picha, kipaza sauti kipewe wavuvi wa Ziwa Rukwa waliopo, wauza samaki wa soko la Tunduma, na mtu yeyote anayetaka kuipinga kwa sauti kubwa akiwa ameiona. Aliyeamua kubaki nyumbani abaki, na asitumiwe mtu wa kumshawishi.